Dawa ya sonona: Iliyomponya jirani huenda isikufae wewe

Ni jambo la kawaida katika mitaa yetu kumwona mtu mwenye shinikizo la damu akigawana vidonge na jirani yake kwa sababu tu wote wawili wana "presha". Nia huwa njema, lakini matokeo yake mara nyingi si mema. Jambo hilo hilo hutokea pia kwa dawa za sonona, ugonjwa ambao wengine huuita huzuni iliyopindukia na ndugu zetu wa Kenya huuita unyogovu.

Mama anapewa vidonge hospitali, na baada ya miezi miwili amerudi jikoni kwake, anacheka na wanawe. Shoga yake, ambaye naye kalemewa na hali kama ile, anaomba agawiwe "vile vidonge". Siku ya nne kinywa kimemkauka, choo kimekuwa kigumu, kichwa ni kizito, na huzuni iko pale pale. Anavitupa jalalani na kuapa kuwa dawa za hospitali hazina maana. Pengine dawa ile ilikuwa nzuri lakini haikuwa yake. Pengine ilikuwa yake, lakini hakuipa muda.

Ndugu msomaji, nukta ya msingi ya makala hii ni hii: dawa ya sonona haichaguliwi kwa kutazama jina la ugonjwa peke yake. Huchaguliwa kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe: umri wake, maradhi yake mengine, dawa nyingine anazotumia, kazi yake, usingizi wake, hata na mfuko wake. Na sehemu kubwa ya habari hizo daktari hawezi kuzijua mpaka mgonjwa au jamaa zake wamweleze.

Sonona ni ugonjwa, si udhaifu wa imani

Huzuni ni sehemu ya maisha. Mtu akifiwa au akifilisika atahuzunika, na hilo si ugonjwa. Sonona hutazamwa pale ambapo mtu, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, amekosa furaha au hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na pamoja na hayo usingizi umevurugika, hamu ya chakula imebadilika, mwili umechoka bila ya kazi, mawazo hayatulii, anajiona hana thamani, au anatamani kufa. Wengi hawasemi "nina huzuni". Husema wanaumwa na kichwa, mgongo, kifua kinabana, au tumbo linawaka moto.

Baadhi ya watu hudhani kuwa Mwislamu akipatwa na hali hii ni kwa sababu swala zake zina kasoro. Wanazuoni wetu wa zamani hawakuliona jambo hili hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Ndani yake aliigawa huzuni katika mafungu mawili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile ambayo mtu hajui imetokea wapi. Hii ya pili aliihusisha na mwili, na akaeleza kuwa tiba yake ipitie mwilini pamoja na maneno mema ya kumliwaza mgonjwa. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Je, kila mwenye sonona anahitaji vidonge?

Jibu ni hapana, na hapa ndipo uchaguzi unapoanzia. Sonona nyepesi mara nyingi hutibiwa kwanza kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa, mazoezi ya mwili, kuurekebisha usingizi na kutatua tatizo moja moja. Nchini Zimbabwe mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mpango wa kuwafundisha bibi wa mitaani waketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyapanga matatizo yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia kwa bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati. Kwa hiyo, mtu akiambiwa na daktari kuwa bado hahitaji kidonge, asidhani kuwa amepuuzwa.

Aidha, kabla ya kumpa mtu dawa ya sonona ni vyema ikathibitishwa kuwa tatizo si jingine. Upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, kisukari, virusi vya UKIMWI na ulevi, vyote vinaweza kumfanya mtu achoke na kukata tamaa kama mwenye sonona. Aliyepungukiwa damu hatapona kwa kidonge cha sonona.

Ama kwa sonona ya kati na ile kali, dawa husaidia, na kumnyima mgonjwa kwa sababu ya aibu ya watu ni kumdhulumu.

Dawa ni nyingi, ipi iliyo bora?

Hili ndilo swali ambalo wengi huuliza. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522, yenye wagonjwa zaidi ya 116,000 na aina 21 za dawa za sonona. Matokeo yake ni kuwa dawa zote 21 ziliwasaidia watu wazima kuliko vidonge bandia visivyo na dawa ndani, lakini tofauti ya nguvu baina ya dawa na dawa haikuwa kubwa sana.

Maana yake ni nini? Ni kuwa kama dawa nyingi zinakaribiana katika kutibu, basi linalobaki la kuzitofautisha ni maudhi yake, hatari yake kwa mwili wa mgonjwa husika, upatikanaji wake na bei yake. Daktari mzuri haulizi tu "dawa gani ina nguvu?" bali huuliza "dawa gani mgonjwa huyu ataweza kuimeza kila siku kwa miezi mingi bila ya kudhurika?"

Katika nchi zetu, dawa ambazo mgonjwa hukutana nazo zaidi ni za koo mbili. Ya kwanza ni ya zamani, na dawa yake maarufu ni amitriptilini. Bei yake ni nafuu. Huleta usingizi, na hupunguza maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini hukausha kinywa, hufunga choo, huongeza uzito, humpa mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla, na ikimezwa kwa wingi huuvuruga moyo na kuweza kuua.

Ya pili ni ile ya fluoksetini, sertralini, sitalopramu na ndugu zake, ambazo huongeza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Dawa hizi ni salama zaidi kwa moyo, na hatari yake mtu akizidisha ni ndogo kuliko amitriptilini. Hata hivyo siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha, kuumwa na kichwa na wasiwasi, na baadaye kupunguza hamu au uwezo wa tendo la ndoa.

Mtu na dawa yake

Tuchukue mifano michache ili jambo hili lieleweke.

Mzee wa miaka 70 mwenye ugonjwa wa moyo, tezi dume iliyovimba na presha ya macho. Huyu amitriptilini si ya kwake. Inaweza kuuvuruga moyo, kumzuia mkojo, kupandisha presha ya macho, kumchanganya akili na kumwangusha anapoinuka kutoka kwenye sijda. Dawa ya koo la pili humfaa zaidi, ikianzwa kwa kiasi kidogo. Lakini kama anatumia vidonge vya kukojoa kwa ajili ya presha, daktari atapenda kupima chumvi katika damu yake, kwani dawa hizi huweza kuishusha kwa wazee.

Mtu wa makamo asiye na tatizo la moyo, halali usiku, amekonda, na miguu inamwaka moto kwa sababu ya maradhi ya mishipa ya fahamu. Hapa amitriptilini, pamoja na uzee wake, yaweza kuua ndege wawili kwa jiwe moja: huzuni na maumivu. Lakini kiasi kinachotumika kwa maumivu ni kidogo kuliko kinachotibu sonona. Watu wengi hubaki na kidonge kimoja kidogo cha usiku kwa mwaka mzima, kisha wakasema dawa imeshindwa, kumbe hawakuwahi kufikishwa kwenye kiasi cha kutibu. Kupandisha kiasi hicho, hata hivyo, ni kazi ya daktari.

Dereva wa daladala au wa bodaboda. Huyu asinzie barabarani? Dawa isiyoleta usingizi ndiyo itakayotafutwa kwanza.

Mama anayenyonyesha. Sonona baada ya uzazi ipo na ni ya hatari kwa mama na mtoto. Si lazima aachishe ziwa ili atibiwe. Sertralini hupita kidogo sana katika maziwa na hupendelewa na madaktari wengi. Fluoksetini hukaa muda mrefu mwilini, hivyo kwa kawaida si chaguo la kwanza kwa mwenye mtoto mchanga. Ama mama aliyepata mimba akiwa tayari kwenye dawa, asiikatishe ghafla kwa hofu. Aende kwa daktari wapime pamoja.

Kijana wa miaka 16. Kwa umri huu mazungumzo na ushauri hutangulizwa. Kama dawa itahitajika, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na amitriptilini haitakiwi kutumika. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kuwa dawa za sonona huweza kuongeza mawazo ya kujidhuru kwa watoto na vijana mwanzoni mwa tiba, na mwaka 2007 ikalipanua onyo hilo hadi kwa vijana wa miaka 24. Maana yake ni kuwa wazazi wawe karibu na kijana wao wiki za mwanzo, wakiona anazidi kuhangaika au anazungumzia kifo wamrudishe hospitali siku ile ile.

Mtu ambaye amewahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi: analala saa mbili tu na hachoki, anaongea bila kituo, anagawa mali, anapanga miradi mikubwa isiyo na miguu. Huyu anaweza kuwa na ugonjwa wa hisia wa pande mbili. Akipewa dawa ya sonona peke yake huweza kurushwa tena kwenye kile kipindi. Mgonjwa mwenyewe hukumbuka huzuni tu, kwa hiyo mke, mume au ndugu ndiye wa kulieleza jambo hili.

Mwenye mawazo ya kujiua. Huyu hapewi vidonge vya mwezi mzima mkononi. Hupewa vya siku chache, na mtu wa nyumbani ndiye anayevishika. Hali kadhalika, nyumba yenye watoto iifungie amitriptilini kabatini.

Kwa nini miili inatofautiana

Dawa ikishamezwa, ini huivunjavunja. Kasi ya kazi hiyo mtu huzaliwa nayo. Utafiti uliofanywa kwa Waethiopia na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa asilimia 29 yao walikuwa na nakala za ziada za jini mojawapo linaloendesha kazi hiyo, jini ambalo huhusika pia na baadhi ya dawa za sonona. Mtu wa namna hii huweza kumeza dawa ikaondoka kabla haijafanya kazi. Mwingine ini lake ni la polepole, na kiasi kile kile humlevya. Kwa sababu hiyo jirani hawezi kuwa kipimo chako. Ndugu wa damu ni habari nyingine kidogo: kama dada au kaka yako aliponeshwa na dawa fulani, mweleze daktari, kwani inaweza kuwa dalili ya pa kuanzia. Si ruhusa ya kuazima vidonge vyake.

Dawa nyingine nazo huingilia. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha ini, na hivyo kupunguza nguvu ya dawa nyingi. Fluoksetini ikichanganywa na aspirini, ibuprofeni au warifarini huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Ikichanganywa na tramadoli huweza kuleta degedege au homa kali ya kutetemeka. Mwanamke anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti hapaswi kupewa fluoksetini bila ya kufikiriwa sana, kwa sababu huifanya ile dawa ya saratani isifanye kazi yake vizuri. Dawa za miti shamba pia zitajwe. Daktari hakuulizi ili akugombeze.

Subira, kisha mabadiliko

Dawa hizi si kama panadol. Maudhi hutangulia, nafuu hufuata. Kwa kawaida mabadiliko huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na hukumu ya haki juu ya dawa hutolewa baada ya wiki nne hadi sita kwa kiasi kinachotosha. Mara nyingi watu wa nyumbani ndio wa kwanza kuiona nafuu: kaoga bila kukumbushwa, kauliza bei ya mchele.

Na ikiwa dawa ya kwanza haikufaa, si mwisho wa safari. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, uliowahusisha wagonjwa wapatao 4,000, ni takriban mmoja tu kati ya watatu aliyepona kabisa kwa dawa ya kwanza. Wengine walibadilishiwa au kuongezewa dawa, na baadhi yao wakapona. Kwa hiyo, kubadilishiwa dawa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ukipona, usiache. Shirika la Afya Duniani linashauri tiba iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kisha dawa ipunguzwe polepole. Kuiacha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira, na wengine hudhani wamekuwa watumwa wa dawa. Dawa hizi si sawa na valium ambayo watu hununua dukani ili walale na ambayo kweli mwili huweza kuitegemea. Kwa sababu ya urefu huo wa tiba, zungumzeni na daktari kuhusu bei mapema. Ni bora dawa ya zamani mtakayoweza kuinunua kila mwezi kuliko ya kisasa itakayokatika mwezi wa pili.

Lipo na jambo la unyumba. Waume wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hii, na wake vile vile. Katika kutafuta tiba hakuna haya. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza kiasi au kuchagua dawa isiyo na tatizo hilo sana, kama vile mirtazapini, ingawa hiyo nayo huleta usingizi na uzito.

Ramadhani na vidonge

Dawa nyingi za sonona humezwa mara moja kwa siku, hivyo wengi huweza kufunga na kuendelea na tiba. Fluoksetini yaweza kumezwa wakati wa daku, na amitriptilini usiku baada ya tarawehe, kwani akiimeza wakati wa futari usingizi utamchukua msikitini. Mwenye kukauka sana kinywa aongeze maji usiku. Lakini mgonjwa ambaye hali yake bado ni nzito, hali wala halali, asilazimishwe. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Qur'an. Anayetumia lithiamu asianze kufunga kabla ya kuonana na daktari wake, kwa kuwa mwili ukikauka maji dawa hiyo huzidi katika damu na kuwa sumu.

Wapo pia wanaoacha dawa kwa sababu ya ganda lake. Ni kweli kuwa fluoksetini mara nyingi huja katika kapsuli za jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa ng'ombe au nguruwe. Muulize mfamasia asili yake, au kama ipo ya kidonge. Sertralini na amitriptilini kwa kawaida huja kama vidonge. Kama hakuna jingine, waulize wanazuoni unaowaamini, lakini usiitupe dawa kabla ya kuuliza. Kisomo na dua navyo havigongani na tiba ya hospitali. Kinachodhuru ni pale msomaji anapomwambia mgonjwa aache vidonge.

Ya kumweleza daktari

Ukienda wewe au ukimpeleka ndugu yako, iwe hospitali ya wilaya, Mirembe, Kidongo Chekundu au Mathari, andika haya kwenye karatasi na uende nayo:

1. Maradhi mengine uliyonayo: moyo, kifafa, ini, kisukari, tezi dume, presha ya macho.

2. Dawa zote unazotumia, pamoja na za kupanga uzazi na za miti shamba. Vibebe kama vilivyo.

3. Una mimba, unanyonyesha, au unatarajia mimba.

4. Umewahi kutumia dawa ya sonona? Ipi, kiasi gani, kwa muda gani, na ilikufanya nini?

5. Umewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi?

6. Kuna ndugu wa damu aliyeugua hivi, na dawa ipi ilimfaa?

7. Tatizo kubwa ni lipi: hulali, au unalala mno? Huli, au unakula mno?

8. Una mawazo ya kufa? Liseme hili bila ya kuficha.

9. Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?

Kabla hujaondoka, nawe uliza: dawa hii nitarajie maudhi gani, nirudi lini, na nikisahau kumeza nifanye nini?

Mwenye sonona mara nyingi hana nguvu ya kuyasema haya yote mwenyewe. Ulimi wake mzito, na anaona kama anawasumbua watu. Basi asiende peke yake. Mmoja katika nyumba afuatane naye, aishike ile karatasi, na baada ya wiki mbili amkumbushe kurudi.